Mkono wa Kiti

Kile kiti Tausi alikiokota jalalani, naye hakuwa amewahi kushika msasa maishani. Mkono wa kulia wa kiti ulikuwa na kishimo. Akachanganya unga wa mbao na gundi, kama alivyoelekezwa na fundi jirani, akakiziba, akasugua mpaka mbao ikateleza kama maji.

Alasiri bibi mmoja mpita njia akasimama mbele ya kiti pale barazani.

"Mwanangu, nikae kidogo?"

"Karibu, bibi."

Akakaa, akafumba macho. Kidole gumba chake kikatambaa juu ya mbao, kikaenda, kikarudi.

"Palikuwa na kishimo hapa. Marehemu mume wangu alikichimba kwa kidole, miaka arobaini, akiwaza tu."

Tausi akachukua msasa, akapiga magoti.

"Nionyeshe, bibi."

Bibi, macho bado yamefumbwa, akamshika mkono, akaanza kumwongoza.