Foleni Isiyosogea

Tangu nchi yao kubwa isambaratike na kiwanda cha nyuzi alikokuwa akifanya kazi kifungwe, Zinaida hakuwa ameona foleni ndefu namna ile.

"Wa mwisho ni wewe?" akamuuliza mama mmoja aliyekumbatia birika la shaba.

"Ni mimi."

Akasimama nyuma yake bila kuuliza kinachouzwa, kama alivyozoea maisha yake yote: shika nafasi kwanza, mengine baadaye. Theluji ikawaangukia. Foleni haikusogea.

"Jamani, huko mbele wamelala?" akafoka. "Tunaganda huku!"

"Mbele wapi, dada?" akasema mama wa birika. "Hapa sote tunauza."

Ndipo akaangalia vizuri. Huyu kashika pazia, yule viatu vya mtoto, mwingine nishani za marehemu mumewe. Zinaida akasonya. Miaka yote ile kiwandani, leo aonekane mchuuzi!

Akageuka aende zake, lakini mwanamume mwenye koti la ngozi alikuwa keshasimama mbele yake, anaipapasa shali ya sufu aliyojifunga Zinaida kichwani.

"Hii bei gani, mama?"

Akafungua kinywa amtukane. Nyuma ya yule bwana, dirisha la duka lilijaa mikate yenye bei za kutisha, na mlangoni hapakuwa na foleni hata ya mtu mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye fundo la shali, chini ya kidevu.