Mkataba wa Lorna Vale

"Usiyapake poda," Lorna Vale alisema, akausukuma mkono wa Bernadine. "Hayo makunyanzi yaache."

Bernadine alikuwa ameupaka uso huu vipodozi kwa miaka kumi na minne. Akashusha sponji.

"Bi Lorna, leo Ijumaa."

"Najua."

"Saa sita mchana."

"Najua, Bernadine. Kalenda ninayo."

Studio nzima ilikuwa na kalenda hiyo kichwani. Saa sita mkataba wa Lorna unaisha, na mikataba ya Hollywood mwaka ule wa 1938 ilikuwa kama ndoa ya upande mmoja. Kampuni peke yake ndiyo inayoamua: inakuongeza miaka mitano, au inakutoa nje. Wewe huulizwi. Bwana Gittelman, mwenye kampuni, alishasema atashuka mwenyewe kumtazama akifanya kazi, na karatasi zote mbili atakuja nazo mfukoni.

Wiki yenyewe sasa. Jumatatu Lorna alifika saa tatu badala ya saa kumi na mbili. Jumanne gauni likagoma kufunga mgongoni, maana kila mapumziko alikuwa na donati mkononi. Jumatano alisahau maneno mara kumi na tisa. Alhamisi alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi, mbele ya waandishi wa habari.

"Oya, punguza hiyo taa, bibi amelala," fundi mmoja alisema juu darini.

"Bibi gani? Huyo mama yake Lorna, kaja kumtafuta," mwenzake akajibu.

Lorna alisikia. Wala hakuinua macho.

"Unajichimbia kaburi," Bernadine alimnong'oneza. "Angalau kohoa kidogo, waseme unaumwa."

"Siumwi. Nimechoka."

Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Kwenye magazeti, thelathini na tano. Filamu hamsini na moja. Katika tisa alizikwa, katika sita aliachwa kanisani na shela kichwani.

Saa tano na nusu Bwana Gittelman akaingia na sigara yake nene, akakaa nyuma ya kamera. Hakumsalimia mtu.

Kipande chenyewe kilikuwa rahisi: mume anamwambia mkewe kwamba anaondoka. Lorna alitakiwa aanguke magotini, alie, amng'ang'anie koti. Hayo ameyafanya mara ngapi, hata usingizini angeyafanya.

Mwenzake akasema maneno yake, akashika begi. Lorna akabaki amekaa. Akamtazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Halafu akapiga mwayo, mwayo wa kweli, mpaka magego yakaonekana.

"Haya, nenda," alisema. "Ukitoka funga mlango. Kuna baridi."

Hayo maneno hayakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Halmos, mwongozaji, alifungua mdomo asimamishe kamera, akaufunga. Mume wa watu, kwa kukosa la kufanya, akatoka na begi lake, akafunga mlango taratibu. Bernadine akafumba macho. Ndipo mtu akapenga kamasi gizani, na mtu huyo alikuwa Bwana Gittelman.

"Miaka thelathini natazama wanawake wakiachwa," alisema. "Wote wanalia. Huyu ndiye wa kwanza ninayemwamini."

Akaomba kalamu. Akasaini palepale juu ya kasha la kamera. Miaka mitano.

Watu wakapiga makofi. Lorna akajifunika uso kwa mikono miwili na kulia, na Bernadine naye akalia, na yule fundi mwenye mdomo akashuka ngazi kuja kuomba radhi.

"Mwacheni apumue," Halmos aliwaambia. "Furaha nayo inachosha."

Lorna akajifungia chumbani kwake, akampigia simu dada yake Hulda, kule shambani Nebraska.

"Wameamua?" Hulda aliuliza.

"Wameniongeza miaka mitano."

"Pole, mdogo wangu," Hulda alisema. "Si ulisema ukiharibu kazi watakufukuza?"

"Nimeharibu, Hulda. Wiki nzima nimeharibu. Wanasema sijawahi kuigiza vizuri hivi."