Plagi ya Friji ya Chanjo

Daktari kijana, aliyekuwa apewe tuzo siku hiyo kwa kufikisha chanjo vijijini, alikanyaga maji chini ya friji ya zahanati. Plagi ilikuwa sakafuni. Jana yake aliing'oa mwenyewe ili achomeke kipaza sauti, ajaribu hotuba yake, kisha akasahau kuirudisha.

Muuguzi mzee akagusa kichupa. Kilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa.

"Zimeharibika zote, mwanangu. Lakini nani atajua?"

Nje, kina mama waliotembea tangu alfajiri walimpokea daktari kwa vigelegele. Mmoja alikwisha kumvua mwanawe soksi, akakishika kiguu tayari kwa sindano.

"Anza na huyu, daktari, kabla mimi mama yake sijaogopa."

Daktari akawasha kipaza sauti kilekile.

"Mama zangu, plagi niliing'oa mimi."