Bastola ya Babu

"Kweli wataiyeyusha?" aliuliza Bi. Opal Ratliff, huku amelikumbatia kopo la biskuti za Krismasi. Ndani ya kopo, ikiwa imevishwa soksi ya kiume, mlikuwa na bastola.

Siku hiyo polisi walikuwa kanisani wakipokea silaha zisizotakiwa ili zikayeyushwe. Unaleta, huulizwi swali, unapewa vocha ya dukani, unakwenda zako. Delbert Stroud hakuwa polisi. Alikuwa ameegemea pikapu yake nje ya uwanja wa kanisa, akiwawahi wajane kabla hawajafika mlangoni, kama alivyofanya kila mwaka. Sheria za Ohio hazikumzuia, na haya hakuwa nayo.

Alipoivua ile soksi, mate yalimjaa kinywani. Ilikuwa rivolva ya zamani, mtutu mfupi kama kidole, ya aina ambayo makachero wa enzi hizo waliificha ndani ya koti. Weusi wa chuma ulikuwa umefifia mdomoni mwa mtutu kwa kuchomolewa na kurudishwa mfukoni miaka nenda miaka rudi, na wakusanyaji huupenda uchakavu huo kuliko mng'ao wowote. Kasoro ilikuwa moja tu: mbao ya mpini ilikuwa imemeguka pembeni, kwa chini.

"Kuiyeyusha hii ni dhambi, mama. Niachie mimi."

"Mimi nilitaka iyeyushwe. Na wale hawaulizi maswali."

"Kwani mimi nimekuuliza? Labda moja tu: ulikuwa unaitunzaje?"

"Niliiosha kwa sabuni ya vyombo, zamani hizo, nikaiweka. Sasa wameanza kukausha lile bwawa nyuma ya shamba langu, mashine zinanguruma kutwa, usingizi sina. Nikasema acha nitoe vitu vya zamani nyumbani."

Delbert aliuma mdomo asicheke. Sabuni ya vyombo! Ndiyo maana mumewe alimkimbia. Mji mzima ulijua kwamba Hobart Ratliff alitorokea Florida na mhudumu wa baa, yapata miaka thelathini sasa, na hakuandika hata salamu. Mwanamume gani angekaa na mwanamke wa namna hii?

Akamshikisha noti chache. Bi. Opal hakuzitazama.

"Utawaambia watu umeinunua kwangu?"

"Kwako? Thubutu! Kuanzia leo hii ni mali ya ukoo wangu."

"Vizuri," alisema bibi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Delbert hakuwa anatania. Kila vuli klabu ya wakusanyaji iliandaa maonyesho, na bastola yenye historia bora ilipewa utepe wa bluu. Mtu mzima wa miaka sitini, anayekosa usingizi kwa ajili ya kitambaa! Lakini utepe huo ulikwenda kwa Verlin Cobb kila mwaka, na kila mwaka Verlin alimcheka mbele ya watu. Delbert alikuwa ameapa kwamba safari hii atakayechekwa ni Verlin.

Kwa hiyo akatunga. Babu yake, alisema siku ya maonyesho mbele ya meza yake, alikuwa kachero Cincinnati, akaibeba rivolva hii mpaka akastaafu. Mpini ulimeguka siku alipomtwanga nao jambazi kichwani. Watu wakaitikia kwa miguno ya heshima. Hakuna mwongo anayesikilizwa vizuri kama mwongo mwenye bastola nzuri mezani.

Jaji, kama kawaida, alikuwa Sherifu Tackett, mkuu wa polisi wa wilaya. Alifika amechelewa, viatu vimejaa matope, akaomba radhi, akaanza kuzunguka meza. Kwa Delbert akasimama muda mrefu. Akaigeuza ile rivolva, akakipapasa kidonda cha mpini kwa kidole gumba.

"Imekaa kwenu muda wote huu, Delbert?"

"Haijatoka mikononi mwetu hata siku moja."

"Hata miaka ile ya tisini?"

"Miaka ya tisini nililala nayo chini ya mto, sherifu. Hakuna mwingine aliyeigusa."

"Acha fiksi, wewe!" Verlin akadakia kutoka meza ya pili. "Babu yako alikuwa muuza kuku! Hiyo uliinunua kwa Bi. Opal pale kanisani, nilikuona kwa macho yangu."

Watu wote wakamgeukia Delbert. Bi. Opal mwenyewe alikuwa pale pale, kwenye meza ya akina mama wa kanisa, akikata pai ya tufaha. Neno moja tu kutoka kwake, na Delbert angekuwa kichekesho cha wilaya nzima mpaka siku ya kuzikwa.

"Bi. Opal," sherifu akaita, akiinua bastola juu. "Umewahi kuiona hii?"

Bibi akafuta kisu kwa kitambaa. Akaitazama bastola, kisha akamtazama Delbert kwa macho ya huruma kabisa.

"Sijawahi kuiona maishani mwangu," alisema. "Nilichompa Delbert ni kopo la biskuti."

Watu wakaangua kicheko, na aliyechekwa ni Verlin. Delbert nusura aende kumbusu yule bibi. Kizee kipumbavu, kumbe kina adabu!

"Basi ni yako kweli," alisema sherifu.

"Yangu, sherifu! Naapa mbele ya hawa wote. Hebu lete hicho kitu."

Sherifu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Delbert akatoa kifua mbele, tayari kubandikwa utepe. Kilichotoka ni mfuko mdogo wa nailoni wenye kipande cha mbao, na sherifu akakipachika chini ya mpini kikiwa ndani ya nailoni yake. Kikakaa bila kuacha ufa.

"Hiki," alisema, "tumekiokota leo asubuhi kwenye tope la bwawa, katikati ya mbavu za Hobart Ratliff."