Waya wa Bi Mashavu

"Si wewe uliyenitangaza mtaa mzima kuwa naiba nyaya? Leo nimekuwa fundi?"

"Shemeji Mdoe, yameisha hayo," jirani yake, Bi Mashavu, alimsihi. "Wageni wamejaa, sauti inatoka kwenye televisheni tu. Spika zote za amplifaya zimenuna!"

Mdoe akainama nyuma ya televisheni. Aliona mara moja: waya wa amplifaya umechomekwa kwenye tundu lisilo lake. Kazi ya kufumba na kufumbua. Akauchomoa, akautia mfukoni. Si Bi Mashavu alimtaka mwizi? Basi kampata.

"Amplifaya imeungua," akatangaza.

Bi Mashavu akashusha pumzi, kisha akaleta birika na beseni.

"Basi, umejaribu. Nawa, shemeji, karibu pilau."

Mkono wa kulia wa Mdoe ulikuwa bado mfukoni, umeushika waya.