Msala wa Mama

Kila asubuhi Siwatu alikoroga gundi ya unga wa muhogo, akabandika ubaoni vitu vya marehemu mama yake: ncha ya kanga, majivu ya ubani, vifungo vya kanzu alizokuwa akishona. Leo, kabla gundi haijapoa, baba yake akaingia bila hodi.

"Siwatu, msala wa mama yako wa kuswalia umeuona? Nautafuta tangu arobaini yake. Shangazi yako ananicheka, ati hata kichwa changu nitakisahau mahali."

Siwatu akasimama mbele ya ubao, lakini ubao ulikuwa mpana kuliko yeye. Mzee akachungulia. Katikati palikuwa na kipande cha ukindu kilicholainika na kuwa cheusi, pale paji la uso la mama lilipogusa kwa miaka thelathini.

"Umeukata."

"Ubao ni wa maonyesho ya sanaa, baba. Nilitaka watu wamjue."

"Watu!"

Siwatu akashika kisu, machozi yakimlenga, akaanza kukibandua kile kipande.

"Acha, utakirarua."

Mzee akaulaza ubao sakafuni, akaketi kando yake kwa shida. Kiganja chake kikatulia juu ya ule weusi. Siwatu naye akaketi.

"Aliniamsha kila alfajiri tuswali, mwanangu," alisema mzee. "Kila alfajiri nikajifanya nimelala. Nilikuwa nautafuta niweke paji langu hapa, nimwambie nimeamka."