Madoido ya Mama Rwamba

Mshipi wa fimbo ya kuvulia ulimrudia Eunice na kujisokota kwenye kofia yake kama uzi uliochezewa na paka.

"Tena?" akauliza Mbogo.

"Tena, Mwalimu," akajibu mkewe.

Mbogo alikuwa amefundisha hesabu Embu hadi kustaafu, na hakukumbuka mwanafunzi aliyewahi kumshinda. Lakini huyu! Tangu waanze kuja mto Rupingazi kuvua samaki aina ya trauti, Eunice alikuwa ameokota madoido yote ya wavuvi wa video za kwenye simu: kiuno kinayumba, kiwiko kiko juu, kidole kimenyooka kama cha mhubiri.

"Hayo ni mapambo tu, Mama Rwamba. Kuna anayerusha kwa ubavu, kuna anayerusha juu ya kichwa. Kila mtu na mwendo wake. Msingi ni mmoja. Peleka fimbo nyuma, isimamishe, ngoja mshipi unyooke. Ndipo uurushe mbele."

"Na nitajuaje umenyooka, na uko nyuma yangu?"

Mbogo akashusha pumzi. Akaangalia kwanza kama kuna mtu njiani, maana mzee wa kanisa kama yeye hamshiki mkewe hadharani. Kisha akasimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono. Nyuma. Ngoja. Mbele. Mshipi ukatii. Alipomwachilia tu, ukarudi kofiani.

"Basi, leo ndiyo mwisho," akasema kwa uchungu. "Kesho nakuja peke yangu. Wewe baki shambani uchume majani chai yako."

Eunice alitazama maji tu. Mbogo akapanda hadi kwenye gari kuchukua chupa ya chai, roho ikimsuta kwa ule ukali.

Akiwa njiani kurudi, alisikia mluzi mwembamba hewani. Akajibanza nyuma ya kichaka.

Mshipi wa Eunice ulinyooka nyuma, ukatulia kidogo, kisha ukavuka mto na kutua kando ya jiwe la ng'ambo bila hata kuyashtua maji. Kiuno kimetulia. Kidole kimetulia. Akarusha tena. Pale pale.

Mbogo akakohoa.

Mshipi ukaanguka kofiani.

"Si unaona, Mwalimu?" Eunice akalalamika bila kugeuka. "Nimeshindwa kabisa."

Mbogo akaweka chupa chini, akaushika mkono wa mkewe.

"Kweli, bado sana," akasema. "Hata mwaka huu wote hautatosha."